Luteni aliyevuka Afrika kwa njia ya wafanyabiashara

Mtu anahitaji mashua. Mwenye mashua hataki kulipwa ila kwa pembe za ndovu, na mtu huyu hana pembe. Yupo wa pili mwenye pembe, lakini anataka nguo. Nguo nazo hana. Yupo wa tatu mwenye nguo, naye anataka waya. Waya, kwa bahati, upo kwenye mizigo.

Hesabu ya namna hii anaijua vizuri yeyote aliyewahi kukwama Tunduma, Rusumo au Kabanga akiwa na shilingi mfukoni, na mwenye mzigo hataki kusikia ila kwacha, faranga au dola. Lakini hii ilifanyika mwaka 1874 huko Kawele, mji wa soko wa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Aliyekuwa akitafuta mashua ni Verney Lovett Cameron, luteni wa jeshi la majini la Uingereza. Waya ukaenda kwa Mohamed bin Gharib, nguo zikaenda kwa Mohamed bin Salib, pembe zikaenda kwa wakala wa Said bin Habib, na mashua ikapatikana.

Jambo hili linajulikana hadi leo, na wachumi bado wanalitumia kueleza adha ya kubadilishana mali kwa mali, kwa sababu moja tu. Cameron aliliandika.

Ofisa wa maji apelekwa nchi kavu

Cameron alizaliwa mwaka 1844 katika kaunti ya Dorset, kusini mwa Uingereza, na akaingia jeshi la majini mwaka 1857, akiwa mtoto wa miaka 13. Alihudumu katika meli zilizowinda majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Lugha hiyo baadaye ilimfaa kuliko bunduki.

Mwishoni mwa 1872 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtuma kumpelekea msaada David Livingstone, mmisionari na mpelelezi ambaye habari zake zilikuwa zimefifia ndani ya bara. Cameron alisafiri hadi Unguja pamoja na Sir Bartle Frere, mjumbe aliyepelekwa kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa saini Juni 1873. Wakati huo Cameron alikuwa tayari ameshaondoka Bagamoyo na yumo njiani kuelekea bara.

Alikuwa na Wazungu wenzake watatu: Dk. W. E. Dillon, tabibu wa jeshi la majini; Luteni Cecil Murphy wa jeshi la mizinga; na Robert Moffat, kijana wa ukoo wa Livingstone. Moffat alifariki kwa homa kabla hata safari haijachanganya. Ugogoni walilipa hongo kwa watemi kama msafara mwingine wowote, maana bila hongo hapakuwa na maji wala njia. Agosti 1873 wakaingia Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na huko wote watatu waliobaki wakaangushwa na homa. Cameron kwa muda akawa karibu kipofu. Vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo vilikuwa vimeivuruga njia ya kwenda Ujiji, na wapagazi waliogopa kuondoka.

Oktoba ilikuja barua iliyogeuza kila kitu. Livingstone alikuwa amefariki Mei, kwenye kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikuwa njiani na maiti yake. Cameron aliwashauri wamzike palepale. Walikataa, wakaendelea nayo hadi pwani.

Kazi ya kumwokoa Livingstone ilikuwa imekwisha. Murphy akarudi pwani. Dillon, akiwa amechanganyikiwa kwa homa, alijiua njiani. Cameron akabaki peke yake na msafara wake, na badala ya kugeuka akaelekea magharibi.

Daftari, dira na brashi

Katika jeshi la majini la enzi hizo, ofisa alifundishwa kuchora kama alivyofundishwa kupima jua. Haikuwa anasa. Meli ikikaribia pwani isiyojulikana, rubani alihitaji kuona umbo la rasi, mlima ulio nyuma yake, na mahali mwamba ulipojificha. Kamera za wakati huo zilikuwa mzigo wa kubebwa na watu kadhaa, na vioo vyake vilivunjika. Rangi za maji zilitosha: kijisanduku kidogo, brashi, karatasi, na picha hukauka kabla meli haijapita. Ndiyo maana makumbusho za Uingereza zimejaa shajara za maofisa wa meli zilizoambatana na michoro ya bandari, ngome, majahazi na nyuso za watu.

Cameron aliingia bara na mazoea hayohayo. Kila siku aliandika walikotoka, saa walizotembea, dira ilikoelekea, mto waliovuka na bei waliyolipa. Alipima nyota ili kujua mahali alipo, na alipima mwinuko wa nchi kila kituo. Alichora vijiji, mitindo ya nywele, silaha, nyumba. Alipofika Ziwa Mohrya, katika nchi ya Waluba, aliona kijiji kizima kimejengwa juu ya nguzo majini. Picha ya nyumba hizo imo katika kitabu chake.

Kwa jicho la mfanyabiashara, hata hivyo, utamu wa shajara hiyo umo kwenye mambo ya sokoni.

Soko la Kawele na wabadilishaji wake

Misafara ya wakati huo haikubeba fedha. Ilibeba bidhaa zilizokuwa fedha: merikani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikotoka, kaniki, shanga za aina nyingi, na waya wa shaba. Kila nchi ilikuwa na upendeleo wake. Shanga iliyopendwa Ugogo ingeweza kukataliwa kabisa Unyamwezi, na anayekosea kuchagua Unguja aligundua kosa lake akiwa mamia ya maili ndani ya bara, pasipo duka la kurudishia.

Kawele ilikuwa na sarafu yake: shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko lililovunjika. Cameron alishangazwa na jinsi zilivyotumika. Asubuhi soko lilipofunguliwa, walikuja watu na mifuko yao iliyojaa sofi. Mwenye kutaka kununua aliwapa bidhaa yake, akapewa sofi, akaingia nazo sokoni kununua samaki, unga, mafuta au kuni. Jioni wauzaji waliwarudia watu walewale, wakarudisha sofi na kuchukua bidhaa wanazozihitaji. Mwenye mfuko alipata faida asubuhi, akapata tena jioni.

Hapakuwa na benki wala serikali ya kuidhinisha sofi. Sokoni palitosha kuaminiana kwamba shanga ya asubuhi itapokewa jioni. Vijana wanaosimama leo mpakani na mabunda ya noti mkononi, wakinunua kwacha upande huu na kuuza shilingi upande ule, wanafanya kazi iliyokuwapo kabla ya mipaka yenyewe.

Mito mingi inaingia, mmoja unatoka

Hapo Kawele Cameron alipata karatasi na ramani alizoziacha Livingstone, akazituma pwani. Kisha akashughulikia fumbo lililokuwa likiwagonganisha wanajiografia wa Ulaya: maji ya Tanganyika yanatokea wapi?

Kati ya Machi na Mei 1874 alizunguka sehemu ya kusini ya ziwa kwa mashua mbili, kubwa akaiita Betsy na ndogo akaiita Pickle. Hapa ofisa wa maji alikuwa kwenye kazi yake. Alifuata ufuo wa mashariki kuelekea kusini, akazunguka ncha ya ziwa, akapanda kwa ufuo wa magharibi, akipima na kuchora kila rasi na ghuba. Alihesabu mito 96 inayoingia katika sehemu aliyopima, mbali na vijito na chemchemi. Unaotoka aliupata mmoja tu, Lukuga, ukiwa umezibwa na majani na matete.

Wapo waliobisha. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 aliona maji yamesimama, akatilia shaka. Lakini miaka michache baadaye ziwa lilijaa, kizuizi kikang'oka, na Lukuga ukatiririka kwa nguvu kuelekea Kongo. Mji wa Kalemie unakaa karibu na mlango huo. Reli iliyojengwa na Wabelgiji kutoka Kabalo hadi ziwani, na kukamilika 1915, ilipita katika bonde la mto huohuo.

Nyangwe: mtumbwi kwa mtumwa

Agosti 1874 Cameron alifika Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, katika Maniema ya leo. Soko la Nyangwe lilikuwa maarufu, na wengi wa wauzaji walikuwa wanawake, waliovuka mto kwa mitumbwi na vyungu, mafuta ya mawese, samaki na vikapu. Lilikuwa pia soko lenye kidonda. Julai 1871, akiwepo Livingstone kwa macho yake, watu wenye bunduki waliokuwa wa wafanyabiashara wa pwani walifyatulia risasi umati wa sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Soko lilirudi, maana watu lazima wale.

Vipimo vya Cameron vilimwonyesha kwamba Lualaba katika Nyangwe uko chini kuliko Mto Nile ulivyo Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba hauwezi kuwa Nile, kama Livingstone alivyotumaini hadi kufa kwake. Lazima uwe Kongo. Ili kulithibitisha alihitaji mitumbwi ya kushukia mto. Akakwama palepale alipokwamia Kawele: kwenye malipo.

Wenye mitumbwi walitaka watumwa. Cameron, aliyekuwa ametumia miaka baharini akizuia biashara hiyo, alikataa na kutoa kauri. Mzee mmoja alimpa jibu la mfanyabiashara: kauri zikiwa ndani zitalala tu bila kuleta kitu, ilhali mtumwa anaanza kazi siku hiyohiyo.

Jibu hilo linaeleza zaidi ya vitabu vingi jinsi biashara ile ilivyowashika watu. Haikuwa uroho wa mgeni peke yake. Binadamu alikuwa amegeuzwa sarafu, na sarafu iliyozalisha. Kila aliyetaka mtumbwi, pembe au chakula alisukumwa kuilipa, na kila aliyeipokea alisukumwa kuitumia tena. Cameron hakupata mtumbwi. Sifa ya kuufuata mto hadi baharini ikaenda kwa Stanley, mwaka 1877.

Aliyemtoa kwenye mkwamo ni Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kutoka Unguja. Alifika Nyangwe, akamchukua hadi kambini kwake, akamshauri apitie kusini.

Msafara wa Alvez

Kusini kulimfikisha Kilemba, makao ya Kasongo, mfalme wa Waluba. Huko biashara za bahari mbili zilikutana uso kwa uso. Alikuwepo Juma Merikani, mfanyabiashara kutoka upande wa Unguja, aliyempokea Cameron kwa ukarimu. Alikuwepo pia José Antonio Alvez, mfanyabiashara Mwafrika wa upande wa Angola, aliyeahidi kumfikisha Atlantiki. Alvez aliahirisha safari mara kwa mara, na miezi ikapita.

Walipoondoka, Cameron alijikuta ndani ya kitu alichokuwa akikipiga vita. Msafara wa Alvez ulikuwa msafara wa watumwa. Siku moja mshirika wake aitwaye Coimbra aliingia kambini na wanawake 52, wamefungwa kamba makundi makundi, wengine wana watoto, wengine ni wajawazito. Cameron alipiga hesabu kwenye shajara yake: ili kupata hao 52, vijiji vipatavyo kumi vilikuwa vimeharibiwa, vyenye watu wasiopungua 1,500 kwa jumla. Waliobaki ama waliuawa, ama walitawanyika porini kufa njaa.

Hakuweza kuwafungua. Alikuwa mgonjwa, mgeni, na mwenye kumtegemea Alvez kwa njia na chakula. Alichokuwa nacho ni kalamu, na picha ya watumwa waliofungwa kamba ni kati ya zile zilizochapishwa kitabuni.

Siku za mwisho alikuwa na kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wasiokula matunda na mboga, na kinywa kilikuwa kikivuja damu. Aliwaacha wengi wa watu wake nyuma, akakimbilia pwani na wachache kutafuta msaada. Tarehe 7 Novemba 1875 alifika Katombela, jirani na Benguela. Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi minane hivi tangu Bagamoyo.

Nani aliyetangulia?

Vitabu vinamtaja Cameron kuwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi. Neno la kuangaliwa hapo ni "Mzungu".

Msimamizi wa msafara wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, aliyechukuliwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Bombay alikuwa amesafiri na Burton na Speke, tena na Speke na Grant, tena na Stanley, kabla ya kusafiri na Cameron. Yeye na wenzake walitembea njia ileile, mizigo kichwani, mpaka Atlantiki. Jahazi lilinunuliwa Luanda kuwarudisha Unguja kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Na yupo Said bin Habib, mwenye ile mashua ya Kawele. Simulizi yake ilichapishwa Bombay mwaka 1860, na ndani yake anaeleza kwamba biashara ya pembe ilimfikisha Luanda, kwenye bahari ya magharibi. Livingstone mwenyewe alikutana naye Zambezi ya juu katika miaka ya 1850. Kwa maneno mengine, Cameron alipokuwa akihangaika na waya na pembe ili apate mashua, mwenye mashua alikuwa ameshaliona bahari analokwenda kulitafuta, miaka ishirini hivi kabla yake.

Tofauti ni kwamba simulizi ya Said ilikuwa kurasa chache katika jarida la jumuiya moja ya India. Shajara ya Cameron ilikuwa na vipimo, ramani na picha, na ikawa kitabu cha juzuu mbili mwaka 1877. Akapewa nishani ya dhahabu na akapandishwa cheo.

Kitabu kikageuka mpaka

Cameron aliandika juu ya utajiri wa nchi alizopita: shaba, pembe, mafuta, mito ya kupitisha mashua. Aliamini biashara halali ndiyo itakayoifukuza biashara ya watumwa, na hata alifanya mikataba na machifu kwa jina la Uingereza, ambayo serikali yake haikuikubali. Septemba 1876, miezi michache baada ya kurudi, alikuwa miongoni mwa walioalikwa Brussels na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuzungumzia "ustaarabu" wa Afrika ya kati. Leopold alisikiliza kwa makini. Katika miaka kumi iliyofuata alijipatia Kongo yote kuwa mali yake, na mateso waliyoyapata watu wake kwa ajili ya mpira na pembe yanajulikana.

Ziwa ambalo Cameron alilizunguka bila kuulizwa hati likakatwa katikati, Wajerumani upande mmoja na Leopold upande wa pili. Cameron alifariki mwaka 1894 kwa kuanguka farasi, akiwa na miaka 49, mipaka ikiwa tayari imeshachorwa.

Anayebeba vitenge, dagaa au saruji kati ya Kigoma na Kalemie leo anavuka mstari uliochorwa kwenye karatasi ambazo shajara za namna hii zilisaidia kuzijaza. Anayesikia habari za reli ya Lobito, inayotoka jirani na Katombela hadi kwenye shaba ya Kongo, anasikia habari za njia ambayo wapagazi waliijua kwa miguu.

Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na njia, lugha, mikopo na watu wa kuaminiana kutoka bahari hadi bahari. Hesabu zao nyingi walizibeba vichwani, zikazikwa nao. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule wakala wa Said bin Habib, aliyekataa waya, akakataa nguo, akangoja mpaka pembe zikaja, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho Kawele. Bila ridhaa yake, mashua isingetoka na Lukuga usingepimwa mwaka ule. Katika kitabu cha Cameron ametajwa kwa kazi yake tu, wakala. Jina lake halimo.